Sinema ya "The Killers" na Watu Walioifanya

Mwezi wa Februari mwaka 1934, kaskazi ikivuma na bahari imetulia, alifika Malindi mgeni mmoja Mmarekani, mwenye kifua kipana na masharubu, aliyetoka kuwinda Tanganyika. Huko Tanganyika aliugua tumbo la kuhara damu, hata ikabidi achukuliwe kwa ndege mpaka Nairobi akatibiwe. Alipopata nguvu alirudi mawindoni, kisha akashuka pwani ili avue samaki wakubwa kabla ya kurejea kwao. Watu wa Malindi, Watamu na Kilifi wajua kwamba hiyo ndiyo miezi ya sulisuli, maana maji mekundu ya Mto Sabaki huwa yamepungua na bahari imekuwa safi. Mgeni huyo jina lake lilikuwa Ernest Hemingway, mtungaji wa hadithi.

Ndugu wasikilizaji, maelezo haya si ya uvuvi. Ni ya sinema iliyotokana na hadithi moja fupi ya mvuvi huyo, na ya watu walioitengeneza. Hadithi yenyewe ilitolewa mwaka 1927, na jina lake ni The Killers, yaani Wauaji. Miaka 12 baada ya safari ya Malindi, katika Agosti 1946, ikaonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani. Jina la Hemingway liliandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, kana kwamba kazi yote ni yake. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Sinema hii ni ya namna ambayo Wafaransa, katika mwaka huo huo wa 1946, waliipa jina la filamu nyeusi. Weusi huo si rangi ya watu waliomo. Karibu wote walikuwa weupe. Ni weusi wa kivuli: mambo hutokea usiku, taa ni chache, barabara imelowa, na mtu husimama nusu gizani hata msikilizaji asijue kama ni mwema au mbaya. Tena mioyo ya watu wa michezo hiyo haina mwanga zaidi ya vyumba vyao.

Mwanzo wake ni huu. Watu wawili waliovaa makoti na kofia waingia jioni katika mkahawa wa mji mdogo uitwao Brentwood. Hawakuja kula. Wanamngoja mtu mmoja aitwaye Msuidi, ambaye desturi yake ni kula hapo saa kumi na mbili. Wanamfunga mpishi pamoja na kijana mmoja mteja, wakakaa na bunduki zao. Msuidi hakuja. Walipoondoka, yule kijana alifunguliwa kamba, akakimbia kumwonya. Akamkuta amelala kitandani, uso wake umo kivulini. Msuidi akamshukuru, akasema kwamba aliwahi kutenda jambo baya, na kwamba hatakimbia. Basi akalala vivyo hivyo, akisikiliza miguu ya wale wawili ikipanda ngazi.

Hadithi ya Hemingway inakoma hata kabla ya risasi kulia. Katika sinema hiyo ya dakika 103, sehemu yake ni kama dakika kumi na kidogo tu za mwanzo. Zote zinazofuata zilitungwa na watu wengine, waliojiuliza swali ambalo Hemingway hakulijibu: mtu mwenye afya na nguvu alalaje akingoja kuuawa?

Jibu lao lilikuwa refu. Walimweka mpelelezi wa kampuni ya bima achunguze kifo hicho, naye akaenda kwa mtu mmoja hata kwa mwingine, kila mmoja akimpa kipande cha habari. Msuidi alikuwa bondia, mkono ukavunjika. Akampenda mwanamke aitwaye Kitty Collins, akakubali kufungwa gerezani kwa ajili yake. Alipotoka akaingia katika genge lililoiba mishahara ya kiwanda cha kofia, zaidi ya dola 250,000, na mwanamke yule akamdanganya na fedha zikapotea. Hapo msikilizaji huelewa kwamba wauaji walipofika, Msuidi alikuwa amekwisha kufa moyoni siku nyingi.

Aliyeinunua hadithi na kuwakusanya watu ni Mark Hellinger, aliyekuwa mwandishi wa magazeti mjini New York kabla ya kuingia katika kazi ya sinema. Mchezo uliandikwa kwa jina la Anthony Veiller. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya John Huston, ambaye hakutajwa popote, kwa kuwa alikuwa amefungwa na mkataba wa kampuni nyingine. Richard Brooks naye alitia mkono wake, naye hakutajwa. Hivyo yule aliyeandika dakika kumi jina lake lilijaa ukutani, na waliojaza saa nzima na nusu wakakaa nje ya mlango. Hellinger mwenyewe hakuishi kuiona sifa ya sinema yake ikikua. Alikufa Desemba 1947, akiwa na umri wa miaka 44.

Mwongozi wa mchezo alikuwa Robert Siodmak, Myahudi aliyezaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1900. Utawala wa Hitler ulipoanza mwaka 1933 alihamia Paris, na vita vilipokaribia mwaka 1939 akavuka bahari kwenda Marekani. Huenda mtu aliyehama mara mbili kwa kuogopa hodi ya usiku hahitaji kufundishwa namna ya kupiga picha ya miguu inayopanda ngazi. Aliyeshika kamera alikuwa Elwood Bredell, fundi wa kufanya mengi kwa taa chache. Kazi yao ya kustaajabisha kuliko zote ni ile ya wizi wa kiwandani. Kamera iliinuliwa juu kwa mashine, ikawafuata wezi wakiingia langoni pamoja na wafanyakazi, ikawachungulia dirishani wakichukua fedha, ikashuka nao mpaka kwenye magari na risasi zikilia, yote kwa muda wa kama dakika mbili bila picha kukatwa hata mahali pamoja. Mchezaji mmoja akikosea hatua, hapana budi kuanza tena toka langoni.

Muziki ulitungwa na Miklós Rózsa, mtu wa Budapest. Sauti zake nne nzito za mwanzo zilifanana sana na zile zilizokuja kujulikana Marekani kote katika mchezo wa polisi wa redio na televisheni, hata madai yakatokea juu ya mwenye haki yake.

Wachezaji wakuu hawakuwa na majina makubwa. Burt Lancaster, aliyekuwa Msuidi, alikuwa mwanasarakasi hapo zamani, na hiyo ndiyo sinema yake ya kwanza kuonekana kwa watu; umri wake ulikuwa miaka 32. Edmond O'Brien alikuwa mtu wa bima. William Conrad na Charles McGraw walikuwa wale wauaji wawili, na ijapokuwa hawaonekani kwa muda mrefu, hapana anayewasahau. Kitty Collins alikuwa Ava Gardner, binti wa wakulima wa tumbaku wa North Carolina, mwenye miaka 23. Siodmak alimtaka anawe uso asijipake kitu, naye akanawa. Wimbo anaouimba katika sinema hiyo ni sauti yake mwenyewe.

Sinema hiyo ilitajwa kwa tuzo nne za Oscar, kwa mwongozi, kwa uandishi, kwa muziki na kwa ukataji wa picha, wala haikupata hata moja. Mwaka 2008 iliwekwa katika orodha ya sinema ambazo taifa la Marekani huzihifadhi.

Tena ni ajabu kwamba pepo ziliwaleta watu wa kazi hiyo mpaka nchi zetu. Mwaka 1951 John Huston, safari hii kwa jina lake wazi, alikuja Kongo na Uganda kupiga picha ya The African Queen, akafanya kazi katika Mto Ruiki na huko Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Watu wake wengi waliugua tumbo. Yeye na mchezaji wake Humphrey Bogart walisalimika, na wakadai ni kwa kuwa walikunywa wiski badala ya maji. (Madaktari hawajaitia dawa hiyo katika vitabu vyao.) Mwishoni mwa mwaka 1952 akafika Ava Gardner, kucheza katika Mogambo pamoja na Clark Gable na Grace Kelly, wakati hali ya hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa Kenya tangu Oktoba. Mchezo huo ulimfanya atajwe kwa Oscar, mara moja tu katika maisha yake.

Hemingway naye akarudi. Januari 1954 ndege yake ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, akaokolewa kwa mashua na kupelekwa Butiaba, kule kule alikofanya kazi Huston. Hapo akapanda ndege ya pili, nayo ikaanguka ikateketea. Magazeti ya dunia yalikwisha kuandika kwamba amekufa. Badala yake alishuka tena pwani, safari hii Shimoni, akiwa na majeraha mwili mzima, na mwaka huo huo akapewa tuzo ya Nobel. Husimuliwa kwamba katika sinema zote zilizofanywa kwa hadithi zake, The Killers ndiyo aliyoipenda, na kwamba alikuwa na nakala yake nyumbani. Akiwaonyesha wageni, aliitazama sehemu ya mwanzo, ile yake, kisha akalala usingizi.

Mvuvi mgeni wa Malindi akipata sulisuli hupigwa picha amesimama kando ya samaki wake. Nahodha aliyejua samaki alipo mara nyingi hayumo pichani, au umeonekana mkono wake tu umeshika kamba. Katika The Killers yuko mtu wa namna hiyo. Yule mpishi anayefungwa kamba jikoni, Sam, alichezwa na Bill Walker, Mmarekani mweusi, ambaye jina lake halikuandikwa katika sinema. Walker aliendelea na kazi hiyo miaka mingi, akawatetea wachezaji weusi katika chama cha wachezaji wa sinema, na mwaka 1962 akaonekana kama Mchungaji Sykes katika To Kill a Mockingbird. Mwenye kutaka kumwona katika kazi yake ya mwaka 1946 hana budi kuwahi kuketi, maana yumo katika zile dakika za mwanzo, nyuma ya dirisha la jikoni.