Msichana, Daftari na Kipaza Sauti

Leo tunazungumza na wewe binti unayeandika mistari ya rapu nyuma ya daftari la shule, na wewe mzazi unayemwambia aache uhuni.

Yupo rapa wa Marekani, Fatimah Warner, anayejulikana kama Noname, yaani asiye na jina. Alikulia Chicago. Hakuanzia studio. Alianzia kwenye maktaba ya umma, mahali ambapo vijana walikutana, wakaandika, kisha wakasimama mbele ya wenzao kughani mashairi. Mwaka 2016 alitoa mkusanyiko wa nyimbo uitwao Telefone, akauweka kwenye intaneti bure. Watu waliupenda, wakamwita kwenye matamasha. Fedha alizopata huko ndizo alizolipia albamu yake, Room 25, iliyotoka Septemba 2018. Hakuna kampuni ya muziki iliyomgharamia, kwa hiyo hakuna aliyempangia la kusema.

Na anasema nini? Hapigi kelele. Anaongea taratibu, kama mtu anayesimulia jikoni. Anasimulia vijana wa mtaani kwao wanaokufa kwa risasi, ubaguzi wa rangi, mapenzi na mashaka yake mwenyewe.

Lakini kuna jambo lingine tunalotaka ulisikie. Mwanzoni alijiita Noname Gypsy. Neno hilo la pili ni jina ambalo wengine waliwabandika Waroma, watu waliobaguliwa Ulaya kwa karne nyingi. Wengi wao huliona ni tusi. Alipolielewa hilo, mwaka 2016, aliliondoa, ingawa mashabiki walikuwa wameshalizoea.

Wewe unaujua uzito wa jambo hili. Huenda umewahi kusimama kwenye foleni ya maji, mtu akakuita "mkimbizi" kwa dharau. Ni neno lile lile lililoandikwa kwenye karatasi yako, ila mdomoni mwake limegeuka jiwe.

Basi ukishika kipaza sauti, ukumbuke jiwe hilo. Mstari wa kulicheka kabila la jirani unaweza kukupatia makofi leo jioni, na kesho ukaleta ugomvi bombani. Simulia njia uliyopita, chakula kilichopungua, rafiki uliyempoteza, na kicheko pia. Ukiambiwa kwamba neno lako limemuumiza mtu, libadilishe. Hutapungua kitu.

Nawe mzazi, usilichane daftari hilo. Mwombe mwanao akusomee ukurasa mmoja. Pengine humo utakuta jambo ambalo ameshindwa kukuambia ana kwa ana.

Wiki hii, kutaneni watatu au wanne mahali penye usalama, kabla giza halijaingia, msomeane. Studio si lazima.

Kwa leo tunaishia hapa. Kaeni salama, na tusikilizane tena katika kipindi kijacho.