DISKI KUBWA NDANI YA KOMPYUTA YA ZAMANI
(Mazungumzo na wakaaji wa kambi)



Leo tuzungumze juu ya makaratasi yetu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma, na watu wakakimbilia hapa Gisenyi. Mwezi wa Mei 2021 mlima ukatema tena, watu wakavuka tena. Wengi wetu tulikimbia vita, si volkano, lakini hasara ni ile ile: diploma ya Serikali, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya mpiga kura ambayo kwetu Kongo ndiyo kitambulisho. Aliye na picha ya karatasi yake ana pa kuanzia anapoomba nyingine. Ndiyo sababu vijana wanauliza: hizi kompyuta kuukuu tunazopewa kama msaada, zinaweza kubeba diski kubwa ya kutunza picha za vyeti vya watu wengi?

Zinaweza, ukitumia Linux. Lakini inafaa ujue namna, maana ukikosea hapa picha zinafutika bila kelele.

Kila kompyuta ya zamani ina programu ndogo iliyowekwa kiwandani, inaitwa bayosi. Ndiyo inayoamka kwanza. Bayosi za mwanzo wa miaka ya 1990 ziliweza kuhesabu diski mpaka megabaiti 528 tu. Zikaja za gigabaiti 8.4, halafu zilizokoma kwenye gigabaiti 137, mpaka kanuni mpya ya mwaka 2002. Fikiria karani wa kuandikisha mwenye daftari la tarakimu tatu. Familia ya 1,000 ikifika, ama anaikataa, ama anaiandika 000 juu ya jina la mwingine.

Linux ikishaamka haiulizi bayosi tena. Inasemezana na diski yenyewe. Kwa hiyo diski ambayo bayosi inaiona ndogo, Linux mara nyingi inaiona nzima. Shida iko kwenye kuamka, kwa sababu GRUB, programu inayoamsha Linux, bado inasoma kupitia bayosi. Basi sehemu ya /boot iwe mwanzoni mwa diski. Gigabaiti 1 inatosha. Mimi naona afadhali Linux ikae kwenye diski ndogo iliyokuja na kompyuta, na ile kubwa iwe ya kutunza vitu tu. Siku Linux ikiharibika, unaiweka upya na vyeti haviguswi.

Diski ikipita terabaiti 2.2, jedwali la zamani la kugawia diski halifiki. Tumia jedwali la GPT. Linux inalisoma hata kama bayosi hailijui.

Kama kompyuta yako ni ya biti 32, tafuta Debian 12. Debian 13, ya mwaka 2025, haisakinishwi tena kwenye mashine hizo.

Sasa sikilizeni vizuri. Kabla ya kuweka karatasi hata moja, andika amri lsblk usome ukubwa. Diski ya terabaiti 1 itaonyesha 931G; usimgombeze muuzaji, ni tofauti ya kuhesabu kwa 1,000 na kwa 1,024. Lakini diski ya terabaiti 3 inapaswa kuonyesha 2.7T. Ikionyesha 746G, daftari limejaa tarakimu: mara nyingi ni kile kisanduku cha USB cha zamani kisichoweza kupita terabaiti 2.2. Usiandike kitu. Badilisha kisanduku.

Kuna pia diski za uongo, zilizochezewa zitaje ukubwa zisio nao. Hizo hata lsblk inadanganywa. Programu ya f3 inaijaza diski yote kisha inasoma ilichoandika. Diski kubwa inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Acha ichukue.

Umeme ukikatika, diski inahitaji kukaguliwa, na ukaguzi wa diski kubwa unakula kumbukumbu nyingi ya kompyuta. Mashine ya megabaiti 512 inaweza kushindwa katikati. Igawe diski katika sehemu za gigabaiti mia chache, ukague moja moja.

Nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine, katika nyumba nyingine. Folda ya pili ndani ya diski ile ile si nakala.

Tena, diski yenye majina, picha na asili za watu waliokimbia si kitu cha kuachwa mezani. Ifungwe kwa LUKS. Mashine ya zamani itapunguza mwendo, tuvumilie. Neno la siri lijulikane na watu wawili waliochaguliwa na wakaaji wenyewe, na mtu akitaka picha zake zitolewe, zitolewe siku hiyo hiyo, kwenye diski zote mbili.