Mpira Uliopakwa Madini ya Fedha
Mgonjwa mahututi akishawekewa mpira wa kupumulia, msikilizaji, hawezi tena kukohoa sawasawa. Mate na makohozi hutuama kooni, juu ya kiputo kinachouzunguka mpira na kuziba njia ya hewa pembeni mwake, kisha huchuruzika kidogo kidogo hadi mapafuni. Ndani ya mpira wenyewe bakteria hujenga utando wenye utelezi, kama ule wa mtungi usiosuguliwa, na dawa hupenya humo kwa shida. Mtu kaletwa kwa ajali, sasa anapigana na nimonia.

Utafiti wa hospitali 54 za Amerika ya Kaskazini, uliochapishwa 2008, ulijaribu mipira iliyopakwa madini ya fedha. Kwa waliokaa nayo saa 24 au zaidi, nimonia iliwapata asilimia 4.8; kwa mipira ya kawaida, 7.5. Ni nafuu ya kweli. Lakini vifo havikupungua, wala siku za kwenye mashine.

Ndiyo maana nasema hospitali yenye bajeti finyu, kabla ya kununua mipira hiyo, ianzie kitandani: kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, muuguzi apate muda wa kunawa mikono na kusafisha kinywa cha mgonjwa, na kila asubuhi daktari aulize kama leo mpira unaweza kutolewa.