Kalala Ilunga juu ya kartoni
(Maneno ya mama mmoja mwanachama mbele ya mkutano wetu)

Komite imeniomba niseme kidogo juu ya ile kazi ninafanya na watoto nyumbani kila siku ya posho. Mimi si mwalimu, nauza samaki hapa Moba. Mtanivumilia.

Kijana wangu wa pili alizaliwa mu kambi ya Mwange, kule Zambia. Tulipopanda boti Mpulungu kurudi, alikuwa na miaka saba. Ku masomo wenzake wakamuita Mzambia, juu Kibemba kilikuwa kinamtoka haraka kuliko Kiswahili. Usiku mmoja akaniuliza: «Mama, miye niko mutu wa wapi?» Nikajibu: wa hapa. Akasema: «Mbona sijui hata hadithi moja ya hapa?» Nilikosa la kusema.

Mama yangu, nkambo wao, ni Muluba wa upande wa Ankoro, pale Luvua inaingia mu Lualaba. Macho yake yanaisha. Alijaribu kuwasimulia Kalala Ilunga, watoto wakalala. Ndipo akakumbuka lukasa: kibao cha mti chenye shanga na vipande vya chuma, wazee wanakishika mu mkono wa kushoto, kidole cha kuume kinapita juu ya shanga na mdomo unasema habari za wafalme. Shanga kubwa inayozungukwa na ndogo ni mfalme na watu wake. Mstari wa shanga ni njia. Kimoja kiko leo huko New York, mu Brooklyn Museum.

Nisidanganye: lukasa ya kweli ilikuwa ya watu wa Mbudye, waliofundishwa kwa siri na kwa muda mrefu. Yetu ni kartoni ya sabuni. Gundi tunapika na unga wa muhogo, shanga ni maharagwe na mbegu za maboga, rangi nyeusi ni makala. Haragwe jekundu ni Nkongolo Mwamba, yule mfalme mkali aliyekula mbele ya watu. Mbegu iliyopakwa makala ni Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki na kujificha akila. Hapo watoto wanacheka sana, kila mmoja anataka kula kama Nkongolo.

Shida ilikuja ku shimo. Nkongolo alimuonea wivu Kalala, mtoto wa dada yake, akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akafunika na mkeka, akamuita aje kucheza ngoma. Binti mmoja, ambaye nyumbani kwao nyote mnajua yaliyopita, alikataa kubandika ile mikuki. Nilitaka kuruka sehemu ile. Nkambo akakataa: ukiondoa shimo, mpiga ngoma hana kazi. Maana mpiga ngoma ndiye alimuonya Kalala kwa maneno ya ngoma, na Kalala akatupa mkuki wake ku mkeka, akaona shimo, akakimbia. Basi yule binti akabandika mpiga ngoma peke yake, kwa mbegu kubwa kuliko za wafalme wote. Tukaiacha hivyo.

Kalala akavuka Lualaba, akawakataza wenye mitumbwi wasimvushe Nkongolo. Baadaye alirudi na askari wa baba yake. Kijana wangu alipofika ku kuvuka maji, aliongeza mstari mwingine pembeni, mrefu, mpaka mwisho wa kartoni. Nikamuuliza ni nini. «Mpulungu», akasema.

Ndugu mmoja tunayesali naye alikuja kuuliza kama narudisha mambo ya pepo. Nikampa kiti. Alisikia mtoto akisimulia, kidole juu ya maharagwe, tangu mwanzo. Hakusema ni vizuri wala ni vibaya. Aliuliza tu yule mpiga ngoma alipatwa na nini. Nkambo akamwambia arudi posho ingine.

Sasa ombi langu. Watoto wamekuwa 11, parsela yangu ni ndogo, na panya wanakula maharagwe, kwa hiyo shanga za kweli zingetusaidia. Lakini zaidi naomba wazee. Watabwa, Wabemba, Waholoholo, mnao watu wenu wa zamani na hadithi zao. Mama yangu anajua za Kiluba tu, na juzi alichanganya majina mara mbili. Mwenye mzee nyumbani amlete posho hii, mchana, kabla ya mvua. Kiti kipo.