Mpiga Besi Naye Ana Haki Yake



Mkoa wetu wa Tanga ulitamba miaka ya 1960 kwa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Katika muziki wa dansi, besi ndiyo inayofunga ngoma na magitaa mengine, lakini siku ya kugawana fedha, mpiga besi huweza kuambiwa, "Wewe hukutunga."

Sheria haimwachi hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi hakimiliki, na mpigaji hakishiriki: upigaji wake usirekodiwe wala kurushwa hewani bila ridhaa yake.

Basi, kabla ya onyesho la kwanza, andikeni mkataba: vyombo ni vya nani, nani ametunga, na mapato yagawanywe vipi baada ya kutoa nauli na mafuta ya jenereta. Kisha jisajilini BASATA, na kazi zenu COSOTA. Kikundi kilichosajiliwa chaweza pia kuomba mkopo wa Halmashauri usio na riba. Vijana wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani. Mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na urafiki wa bendi vivyo hivyo.