Mwenye Simu Naye Mtangazaji

Msikilizaji, Juni 2024 Wakenya wengi hawakungoja taarifa ya habari ya jioni ndipo wajue Mswada wa Fedha unasema nini. Walielezwa na vijana wa TikTok, wengine wakiufasiri kwa lugha za mama zao: VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Waraka unaosomwa na mawakili na wahasibu ukawa gumzo la kwenye matatu. Tarehe 25 waandamanaji waliopinga mswada huo waliingia Bungeni. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Na Julai 5 akaenda mwenyewe kuwajibu vijana kwenye mtandao wa X, kwa sauti tu, kama sisi wa redio tufanyavyo.

Nakiri, kuna kazi ambayo vijana wa TikTok waliifanya vizuri kuliko sisi. Sisi tulisoma vifungu. Wao walisema kodi itamgusaje mama mboga.

Lakini mwenye wafuasi laki tano mara nyingi hana mhariri wa kumuuliza, "Haya umeyatoa wapi?" Leo anafafanua bajeti, kesho anasifia kampuni fulani kwa sauti ileile, na huenda asiseme nani kamlipa. Akikosea anafuta video. Ile iliyokwisha kuzagaa kwenye makundi ya WhatsApp haifutiki.

Basi ukimsikiliza, hata kama unampenda vipi, muulize: habari hii imetoka wapi, na nani amekulipa? Nasi mtuulize hivyohivyo.