Urefu wa Neno "Baada": Dhiki na Faraja katika Riwaya za Mapenzi za Kikristo



Naanza na methali ambayo hakuna asiyeijua ukumbini humu. Baada ya dhiki, faraja. Tumeisikia matangani, tumeisikia wodini, na wengi wetu tumemwambia mtu mwingine pale tulipokosa la kusema. Nimeitafakari kwa muda mrefu, na naona neno zito ndani yake ni lile la kwanza, "baada", ambalo ulimi hulipita mbio. Methali haisemi "baada" hiyo ina siku ngapi wala miaka mingapi. Anayeitamka amesimama ng'ambo, penye nchi kavu. Anayeambiwa bado yumo majini.

Jioni ya leo nataka kudai kwamba kuna aina ya vitabu ambayo kazi yake, inapofanywa vizuri, ni kuupima urefu wa neno hilo. Ni riwaya za mapenzi za Kikristo. Najua chuoni hazina heshima. Huitwa vitabu vya akina mama, vitabu vya kupotezea muda, na mwanafunzi anayetaka kuziandikia tasnifu huelekezwa kwingine kwa upole. Wasomaji wake hawajasubiri ruhusa yetu. Pita katikati ya jiji la Nairobi, pale vitabu vya mitumba vinapotandazwa kandokando ya barabara, utaziona zimechakaa pembe kwa kupita mikono mingi.

Mimi nami niliwahi kuzidharau. Nitasimulia jinsi nilivyoacha.

Miaka kadhaa iliyopita nilimuuguza mama yangu hospitalini kwa wiki 11. Wageni walikuja na chupa za uji na maneno mazuri. Walituambia tujipe moyo, tuwe na mtazamo chanya, tusiukiri ugonjwa. Walisema kwa upendo, na nawashukuru hadi leo. Lakini mama alikuwa akifumba macho kila walipoanza kusema, na mimi nilijua kwamba ule haukuwa usingizi. Kwenye kitanda cha pili alilazwa msichana, akiuguzwa na mama yake. Usiku mmoja mama yule alinipa kitabu kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimelegea, akaniambia nisome ili usiku upungue.

Kilikuwa Christy, riwaya ya Catherine Marshall iliyotoka mwaka 1967. Inamhusu msichana wa miaka 19, Christy Huddleston, anayeondoka kwao Asheville, North Carolina, mwaka 1912, kwenda kufundisha shule ya misheni huko Cutter Gap, kijiji cha kubuni katika milima ya mashariki mwa Tennessee. Watoto ni zaidi ya 60, chumba ni kimoja, baridi inapenya ubaoni. Koo zinauana kwa visasi vya tangu zamani. Wako wanaume wawili wanaompenda, mchungaji kijana na daktari asiyeamini, kwa hiyo mapenzi yamo. Lakini aliyeniganda moyoni ni Fairlight Spencer, mwanamke wa mlimani ambaye Christy anamfundisha kusoma na ambaye anakuwa rafiki yake wa chanda na pete. Homa ya matumbo inapoingia kijijini, Fairlight anakufa. Na hapo Christy, mwalimu wa misheni, aliyekuja kwa jina la Mungu, anamgeukia Mungu kwa hasira na maswali.

Mwandishi hakumkemea. Hakuleta mhusika wa kumwambia awe na mtazamo chanya. Alimwacha aulize, ukurasa baada ya ukurasa. Mimi niliyasoma hayo saa nane za usiku, kwenye kiti cha plastiki, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie wodini nilihisi kuna mtu ameketi nami.

Baadaye nilifuatilia maisha ya mwandishi mwenyewe nikaelewa. Mwaka 1943 Catherine Marshall aliugua kifua kikuu, akalala kitandani zaidi ya miaka miwili. Mume wake, Peter Marshall, Mskoti aliyekuwa mchungaji mashuhuri mjini Washington na kasisi wa Seneti ya Marekani, alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 25 Januari 1949, akiwa na umri wa miaka 46. Akamwachia mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mjane huyo alikusanya mahubiri ya mumewe akayachapisha, kisha mwaka 1951 akatoa kitabu cha maisha ya marehemu huyo, A Man Called Peter. Aliolewa tena mwaka 1959. Christy, aliyoijenga juu ya maisha ya mama yake mzazi aliyefundisha milimani humo akiwa msichana, ilitoka mwaka 1967. Hesabuni wenyewe: miaka kumi tangu mazishi hadi ndoa ya pili, miaka 18 hadi riwaya. Hiyo ndiyo "baada" ya mwanamke mmoja. Leo tuzo kuu ya riwaya za Kikristo Marekani, Christy Awards, ina jina la msichana yule wa kubuni.

Hakuwa wa kwanza. Grace Livingston Hill, aliyezaliwa jimbo la New York mwaka 1865, alifiwa na mumewe mchungaji mwaka 1899 akabaki na mabinti wawili wa kulisha. Aliandika kwa sababu unga ulihitajika. Hadi anafariki mwaka 1947 alikuwa na vitabu zaidi ya 100. Sivisifu vyote, vingine vina haraka ya kufika harusini. Ila asiambiwe mtu kwamba tumaini lililomo lilitungwa na mtu asiyejua njaa ya nyumbani.

Sasa nije kwa kitabu ambacho kwa maoni yangu kinapima "baada" kwa uangalifu kuliko vyote. Ni Love Comes Softly cha Janette Oke, mwandishi wa Kanada aliyezaliwa Alberta mwaka 1935, enzi za mdororo mkuu wa uchumi. Kilichapishwa na Bethany House mwaka 1979, na mafanikio yake ndiyo yaliyowafungua macho wachapishaji wa Kikristo kwamba riwaya za aina hii zina soko. Jina lake kwa Kiswahili ningelisema Mapenzi Huja Taratibu, na neno taratibu ndilo kitabu chenyewe.

Kinaanza kaburini. Marty, msichana mjamzito, amesafiri na mumewe Clem kwa gari la kukokotwa kuelekea magharibi ya Marekani. Clem anakufa kwa ajali ya farasi. Siku ileile ya maziko anatokea mwanamume asiyemjua, Clark Davis, mkulima mjane mwenye binti mdogo aitwaye Missie, anamwomba wafunge ndoa. Hasemi anampenda. Anasema mtoto wake anahitaji mama, na yeye Marty anahitaji paa kabla ya majira ya baridi. Misafara ikianza kurudi mashariki, akitaka kuondoka atamlipia nauli. Marty anakubali kwa uchungu, kwa kuwa hana pa kwenda.

Kuanzia hapo, kwa kurasa nyingi, hakuna kubwa linalotokea, na huo ndio uhodari wake. Clark analala kwenye chumba cha pembeni. Marty hajui kuendesha nyumba, mapishi anayoyaweza ni machache, mtoto hamtaki. Anajifunza kuoka mkate. Anajifunza kumchana Missie nywele. Anamwona mwanamume yule akisali kabla ya kula, na mwanzoni sala ile inamuudhi. Mtoto wa Clem anazaliwa ndani ya nyumba ya Clark. Theluji inaanguka, inayeyuka. Hakuna siku ambayo Marty anaamka akasema huzuni imekwisha. Kuna siku tu anayogundua kwamba amecheka, na anashtuka, na anajisikia kama amemsaliti marehemu. Mliofiwa mnakijua kicheko hicho. Nauli inapokuwa tayari, msomaji anafahamu jibu kabla ya Marty, kwa sababu alikuwapo kila siku ya safari yake.

Katika riwaya ya namna hii mapenzi ni mkate na kuni, na faraja haipo mahali pamoja inapoweza kunyooshewa kidole. Wahamasishaji wa siku hizi wangemtaka Marty abadili fikra zake asubuhi moja mbele ya kioo. Oke alimpa mapishi, mtoto wa kumlea, na muda.

Mtaniuliza Ukristo uko wapi, mbali na sala za mezani. Nawajibu kwamba umbo lenyewe limetoka katika Maandiko. Someni tena kitabu cha Ruthu, sura nne tu. Naomi anaondoka Bethlehemu kwa njaa, anakaa Moabu miaka kama kumi, anamzika mume na wana wawili. Anaporudi, wanawake wa mji wanamlaki kwa jina lake, naye anawakataza: anataka aitwe Mara, yaani uchungu, na anamtaja Mungu kuwa ndiye aliyemtenda hivyo. Hakuna anayemrekebisha. Jambo linalofuata ni mavuno ya shayiri. Ruthu anaokota masazo shambani kwa Boazi, siku kwa siku, hadi shayiri inakwisha na ngano inakwisha. Kisha ndipo harusi, na mtoto mapajani mwa Naomi. Ni hadithi ya mapenzi iliyoanza na makaburi matatu, na mwandishi wake hakuruka hata msimu mmoja.

Wapo wataalamu waliolitazama jambo hili kutoka upande wa wasomaji. Janice Radway, katika Reading the Romance ya mwaka 1984, aliwahoji wanawake wa mji mmoja wa Marekani wanaosoma riwaya za mapenzi, akakuta kwamba kule kuketi na kitabu kwenyewe kuliwapa saa ambayo hawakuwa wakimhudumia mtu yeyote. Lynn Neal, mwaka 2006, katika Romancing God, aliwasikiliza wanawake wa kiinjili wanaosoma riwaya za Kikristo hasa, akaona kwamba kwao usomaji huo ni sehemu ya ibada. Mimi nilipokuwa wodini sikuwa nimesoma hata mmoja kati yao. Ningeweza kuwathibitishia wote wawili.

Lakini siwezi kuondoka hapa bila kusema palipo na hatari, na naomba viongozi wa dini mniwie radhi nikisema wazi.

Francine Rivers aliandika riwaya za mapenzi za kawaida kabla ya kuokoka miaka ya 1980. Mwaka 1991 akatoa Redeeming Love, hadithi ya nabii Hosea na Gomeri iliyohamishiwa California wakati wa kukimbilia dhahabu, na mwaka 2022 ikawa filamu. Angel, aliyeuzwa utotoni kwa wanaume, anaolewa na mkulima Michael Hosea, anamkimbia, anarudishwa, anakimbia tena. Ni kitabu chenye nguvu, na kinathubutu kuuita unyama kwa jina lake. Kasoro yake kwangu ni kwamba Michael hakosei karibu kamwe, na mtu asiyekosea hana la kutufundisha kuhusu kungoja.

Kasoro kubwa zaidi si ya mwandishi. Nimesikia hadithi za namna hii zikigeuzwa kuwa mawaidha kwa mke anayepigwa: vumilia, mpende, Mungu atambadilisha. Huko ni kuzisoma kinyumenyume. Katika Redeeming Love anayevumilia ni mwenye nguvu, na anamvumilia aliyejeruhiwa. Katika Love Comes Softly mlango hauna kufuli, nauli imeahidiwa tangu siku ya kwanza. Clark asingekuwa na ahadi ile, kitabu kizima kingekuwa cha mateka. Lugha yetu ina maneno ya kutosha kutenganisha mambo haya: saburi, ambayo Mtume Paulo aliiweka kati ya dhiki na tumaini, ina kesho mbele yake. Kupigwa na kunyamaza hakuna kesho, na asiyepewa njia ya kutoka hajaombwa saburi. Mwanamke wa namna hiyo apewe polisi, apewe ndugu, apewe nyumba ya kukimbilia. Riwaya atasoma akishapona.

Nimalizie wodini. Mama yangu alifariki wiki ya 11. Kitabu kile hakikuwa kimeniahidi vinginevyo, kwa hiyo sikukiona kama kimenidanganya; nilimaliza sura zilizobaki nyumbani, baada ya arobaini. Yule msichana wa kitanda cha pili alipona. Mama yake alikataa kurudishiwa kitabu.

Nina maombi mawili. La kwanza kwa ninyi mnaojifunza kuandika. Msomaji wa Kiswahili ameshatembea na Kongowea katika Siku Njema ya Ken Walibora, kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Anaujua mwendo mrefu na haogopi. Mwandikieni mapenzi na imani ya kwetu, ya wauguzaji wanaolala chini ya vitanda na wajane wanaonyang'anywa viwanja, na msiruke masika wala kiangazi ili mfike harusini. La pili ni kwa maktaba yetu. Nilitafuta rafuni vitabu nilivyovitaja jioni ya leo, sikukuta hata kimoja. Ile nakala ya Christy isiyo na jalada ninayo hapa mkononi. Kesho asubuhi nitaikabidhi kaunta, na naomba itiwe jalada, ipewe namba, iazimwe.